Trigger 2 na Sampuli za Snea Yangu Mwenyewe: Tathmini ya Programu ya Kubadilisha Milio ya Drams

Mtu yeyote aliyewahi kurekodi seti kamili ya drams katika chumba cha nyumbani anajua kwamba kinachoangusha kazi mara nyingi si mpigaji wala maiki, bali ni chumba chenyewe. Dari ikiwa chini, sauti ya matoazi huigonga na kurudi kwenye maiki za juu, zile zinazowekwa juu ya seti nzima, kabla haijafifia; kuta zikikaribiana, kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, hupoteza uzito katika baadhi ya masafa na kuvimba katika mengine; na maiki ya snea, yaani ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, hata ikisogezwa hadi vidole viwili kutoka kwenye ngozi, huokota hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kwa wingi kiasi kwamba kila unapoongeza ung'avu wa snea unaongeza pia ukali wa hai-hati. Programu za kubadilisha milio ya ngoma husaidia hapo. Husikiliza traki iliyorekodiwa, yaani rekodi ya maiki moja, hutambua kila pigo, hupima nguvu yake, kisha huchezesha sampuli, yaani mlio uliorekodiwa kando, mahali palepale lilipo pigo la asili. Hapa ninaitathmini mojawapo, Trigger 2 ya Steven Slate Drums, ambayo nimeitumia kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha traki, katika nyimbo kadhaa zilizorekodiwa nyumbani, na hasa ninaangalia inavyofanya kazi inapolishwa sampuli ambazo mtumiaji amezirekodi mwenyewe badala ya zile zinazokuja nayo.

Msimamo wangu ni kwamba programu hii hufaa zaidi inapotumiwa kuitengeneza ngoma iliyopigwa kuliko inapotumiwa kuiondoa, na kwamba sampuli bora kwa kazi hiyo ni zile za ngoma ileile, zilizorekodiwa siku ileile, kabla ya maiki kuondolewa kwenye stendi zake.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kompyuta nyingi tunazotumia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fundi sauti Roger Nichols aliunda mashine aliyoiita Wendel, iliyoweza kuchezesha milio ya ngoma iliyohifadhiwa kwa dijitali, na mashine hiyo ilitumika katika albamu ya bendi ya Steely Dan iliyotoka mwaka 1980. Kazi iliyohitaji mtambo maalumu na studio nzima wakati ule leo inafanywa na plagini moja, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, iliyowekwa juu ya traki ya snea, lakini swali gumu halijabadilika: mashine itajuaje kwamba hili ni pigo, na lile ni kelele tu iliyovuja kutoka kwa ngoma ya jirani?

Trigger 2 hulijibu swali hilo kwa vidhibiti vichache, na uchache huo ndio sifa yake ya kwanza. Sensitivity huweka kizingiti cha jumla, yaani sauti iliyo chini ya kiwango hicho haihesabiwi kabisa. Detail huamua pigo linapaswa kuchomoza kiasi gani juu ya sauti iliyo karibu nalo ili likubaliwe. Retrigger huweka muda ambao programu haitakubali pigo jingine baada ya kulikubali la kwanza. Mawimbi ya sauti hupita kwenye kioo cha programu na kila pigo lililotambuliwa huwekewa mstari, kwa hiyo makosa huonekana kwa macho hata kabla sikio halijayanasa. Mtumiaji mpya hupenda kuanza na Sensitivity na kuisukuma hadi mapigo yote yanaswe, lakini kwa uzoefu wangu ni vyema kuanza na Retrigger, kwa sababu thamani yake hutokana na wimbo wenyewe na inaweza kukokotolewa. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, nota za kumi na sita, yaani nne ndani ya kila pigo, hutenganishwa na milisekunde 125. Ukienda kwa 200, zikiwamo kiki mbili za haraka, nafasi hiyo hupungua hadi milisekunde 75. Ukiiacha Retrigger juu ya kiwango hicho, programu itameza nota moja kati ya kila mbili, nawe utadhani tatizo ni kizingiti.

Kipimo halisi cha programu ya aina hii ni yale mapigo madogo ya kunong'ona ambayo mpigaji mzuri huyajaza kati ya mapigo makubwa ya snea. Katika wimbo mmoja nilioufanyia kazi, mpigaji alikuwa na tabia ya kugusa ngozi mara mbili kwa wepesi kabla ya kila pigo la nne, na katika traki ya snea miguso hiyo ilikuwa midogo kuliko hai-hati iliyovuja kwenye maiki hiyohiyo. Kwa kizingiti cha kawaida peke yake hakuna namna ya kuvitenganisha viwili hivyo, kwani ukishuka hadi uipate miguso utakuwa umeshaichukua hai-hati yote. Nilipoipunguzia programu masafa ya juu katika kichujio cha usikilizaji wake, ambacho hakigusi sauti inayotoka bali kile tu inachokisikiliza, hai-hati ilidhoofika na miguso ikaanza kuchomoza. Kisha Detail ikamalizia kazi. Haikuipata yote. Kati ya miguso ya ubeti wa kwanza, michache ilibaki bila mstari, na hiyo niliiacha ilivyo, kwa kuwa traki ya asili ilikuwa bado inasikika chini ya sampuli na hakuna kilichopotea. Huo ni uzito wa kwanza wa hoja yangu ya kutoiondoa ngoma halisi: pale programu inapokosea, ngoma yenyewe ipo.

Kuna pia kipengele cha kuzuia sauti zinazovuja, ambacho huifanya nakala ya programu iliyo kwenye snea izisikilize nakala zilizo kwenye kiki na tomu (ngoma nyingine za seti), ili pigo kubwa la kiki lisije likahesabiwa kuwa la snea. Kwa seti iliyobanwa katika chumba kidogo, ambako kila maiki husikia kila ngoma, kipengele hiki huokoa muda mwingi. Hata hivyo hakuna kizingiti wala kichujio kitakachoiambia programu kwamba mpigaji amelaza kijiti juu ya ngozi na kugonga ukingo wa chuma, au kwamba ametumia brashi badala ya vijiti. Kwa sehemu hizo mimi huikata traki na kuzipeleka kwenye njia nyingine isiyo na programu yoyote, na ningemshauri mwingine afanye hivyo badala ya kupoteza saa nzima akitafuta mpangilio usiokuwapo.

Sampuli zinazokuja na programu zimerekodiwa kwa ustadi mkubwa. Kiki zake zina uzito, snea zake ni nene na zenye makali, na baadhi ya faili zimebeba mwangwi wa vyumba vikubwa vya studio. Ukizisikiliza peke yake huwezi kuzitia dosari. Shida huanza zinapokutana na maiki za juu, kwa maana maiki za juu bado zimebeba snea halisi, yenye kimo chake (wembamba au unene wa sauti), mvumo wake na urefu wake, na sasa juu yake imewekwa snea nyingine yenye kimo tofauti. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu kurekodi hataweza kueleza kinachomkera, lakini atasikia kwamba ngoma inatoka mahali pawili kwa wakati mmoja. Wengi hulitibu tatizo hilo kwa kukata masafa ya chini ya maiki za juu hadi yabaki matoazi tu, na hapo seti nzima huwa imekwisha kubadilika kuwa mashine yenye matoazi ya kweli. Katika mitindo mizito ya gitaa, ambako kila kiki inatarajiwa kuwa sawa na mwenzake, matokeo hayo hukubalika na pengine ndiyo yanayotafutwa. Katika muziki ambao mpigaji anazungumza na waimbaji kwa nguvu na ulaini wa mikono yake, hayakubaliki.

Ndiyo maana nilianza kurekodi sampuli zangu, na ningependa kueleza kwa kina jinsi zinavyorekodiwa, kwa kuwa ubora wa programu yote unaegemea hapo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa na kosa ambalo sikulitambua hadi nilipokuwa namiksi. Wimbo ulirekodiwa wiki moja, sampuli nikazirekodi wiki iliyofuata, na katikati ya siku hizo snea ilikuwa imebadilishwa ngozi. Niliikaza ngozi mpya kwa kuamini sikio langu, lakini ilikuwa imepanda takriban nusu toni. Mvumo wa msingi wa snea ukiwa karibu na hezi 200, nusu toni juu yake ni karibu hezi 212, na milio hiyo miwili ikichezwa pamoja huleta mtikisiko wa mara 12 kwa sekunde katika kila pigo, mtikisiko unaofanana na ukingo wa ndoo ya bati ukigongwa. Nilijaribu kuishusha sampuli kwa kidhibiti cha kimo kilicho ndani ya programu, na kimo kilikubali, lakini nyaya za chini ya snea, ambazo nazo zilishushwa pamoja na mlio wote, zilianza kusikika nzito na za uvivu. Nilizifuta sampuli zote.

Tangu hapo utaratibu wangu umekuwa mmoja. Mara tu mpigaji anapomaliza kurekodi wimbo, kabla hajainuka kwenye kiti, namwomba apige kila ngoma peke yake. Maiki zote hubaki wazi na vidhibiti vya kuingizia sauti havisogezwi hata kidogo. Kwa snea tunaanza na mguso mwepesi kabisa na kupanda ngazi hadi nguvu anayoitumia katika kiitikio, ngazi 8 kwa jumla, na katika kila ngazi anapiga mara 6. Hayo ni mapigo 48, na kati ya pigo na pigo tunasubiri hadi mvumo ukatike kabisa, jambo ambalo kwa mpigaji aliyekwisha kuchoka ni gumu kuliko kupiga kwenyewe. Friji iliyo chumba cha pili huzimwa. Hakuna anayevuta kiti. Matoazi hushikwa kwa kitambaa au huondolewa, la sivyo kila pigo la kiki litayaamsha na sampuli itabeba mnong'ono wa shaba usioweza kufutwa. Nyaya za snea huachwa zimefungwa wakati wa kupiga snea, lakini hufunguliwa wakati wa kurekodi tomu, kwa sababu tomu huzitikisa na zikalia zenyewe.

Mapigo 6 katika kila ngazi yana sababu. Sikio la mwanadamu ni jepesi mno kutambua mlio uleule ukirudiwa, na kwenye mapigo ya haraka mlio mmoja unaojirudia husikika kama bunduki ya rashasha. Programu inapopewa mapigo kadhaa ya nguvu moja huyachezesha kwa zamu, na tofauti ndogondogo za kijiti kutua kidole kimoja kulia au kushoto hurudisha uhai ambao hakuna kidhibiti kinachoweza kuuiga. Kwa ngazi za chini kabisa ningeongeza idadi, kwa kuwa mapigo ya kunong'ona hujirudia mara nyingi zaidi kuliko mapigo makubwa.

Ukishapata mapigo hayo, uyakate kwa subira. Kila faili ianze pale wimbi linapoanza kuinuka, si milisekunde chache kabla wala baada, na imalizie kwa kufifishwa taratibu. Usilipandishe kila pigo moja moja hadi kiwango cha juu kabisa, jambo ambalo programu nyingi za kuhariri hupenda kulifanya zenyewe; ukifanya hivyo mguso mwepesi utakuwa na ukubwa wa sauti sawa na pigo la kiitikio na kazi yote ya ngazi 8 itakuwa imekwenda na maji. Usitumie kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, wakati wa kurekodi sampuli. Itawekwa baadaye juu ya mchanganyiko mzima, ambako ngoma halisi na sampuli zitabanwa pamoja na kushikana.

Trigger 2 hukubali faili za kawaida za WAV kwa kuziburuta hadi kwenye mojawapo ya nafasi zake 8, na kila nafasi ina kidhibiti chake cha sauti, mwelekeo, kimo na urefu wa mlio. Kwa mlio mmoja wa kuimarisha kiki, hilo linatosha. Lakini kwa ngazi na zamu nilizozieleza hapo juu inabidi kutumia programu ndogo inayoambatana nayo, Instrument Editor, ambayo hupanga mapigo kwa nguvu na kuyafunga katika faili moja ya TCI, aina ya faili ya Trigger yenyewe. Kazi hiyo ni ya mkono na ni ndefu, na mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima kwa snea moja. Mara ya tatu ilinichukua chini ya saa moja, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kuyapa mafaili majina yanayoonyesha ngoma, ngazi na zamu kabla ya kuifungua. Nimeona watumiaji wakiiruka hatua hii na kutosheka na mlio mmoja kwa kila ngoma. Wanajinyima sehemu nzuri kuliko zote ya programu waliyoinunua.

Baada ya hapo linabaki suala la fezi, yaani jinsi mawimbi mawili ya sauti yanavyolingana kwa wakati, na hapa hakuna njia ya mkato. Sampuli ikichelewa hata kidogo kulinganisha na pigo la asili, mawimbi mawili hupishana na kuanza kulana. Kwa snea yenye mvumo wa hezi 200, wimbi moja kamili huchukua milisekunde 5, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 2.5 tu unatosha kuugeuza mlima wa wimbi moja kuwa bonde la jingine, na tumbo lote la snea hutoweka likaacha mchakacho wa nyaya. Katika rekodi inayopima sauti mara 48,000 kwa sekunde, milisekunde 2.5 ni nukta 120 kwenye kioo, umbali ambao usipokuza picha hauonekani kabisa. Mimi huirekodi sauti inayotoka kwenye Trigger katika traki mpya, kisha huikuza hadi pigo moja lijaze kioo na kulinganisha kilele cha kwanza cha kila traki. Programu ina hali mbili za kufanya kazi, moja ya kupiga moja kwa moja na nyingine ya usahihi zaidi yenye kuchelewa kunakofidiwa na programu ya kurekodia. Kwa kumiksi tumia ya pili. Hata hivyo, baada ya kulinganisha, geuza upande wa wimbi la sampuli na usikilize mara mbili: upande wenye tumbo nene ndio sahihi, hata kama macho yanasema vingine.

Sampuli zikiwa za ngoma ileile, kazi hii ya fezi hurahisika kwa namna ambayo sikuitarajia. Umbo la wimbi ni lilelile, kimo ni kilekile, na umbali kati ya maiki ya snea na maiki za juu umehifadhiwa ndani ya sampuli zenyewe, ikiwa ulizirekodi maiki zote kwa pamoja. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo maiki ya juu iliyo mita moja kutoka kwenye snea hupokea pigo karibu milisekunde 3 baada ya maiki ya karibu. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa sikio hisia ya chumba, na ikilingana katika ngoma na katika sampuli, viwili hivyo husikika kuwa kitu kimoja.

Kwa kawaida kidhibiti cha Mix, kinachoamua sampuli ichanganywe kiasi gani na traki ya asili, hakivuki nusu katika kazi zangu, na mara nyingi hukaa chini zaidi. Lakini faida niliyoithamini kuliko zote haiko hata katika sauti ya sampuli yenyewe. Traki ya sampuli ni snea tupu, isiyo na hai-hati wala tomu ndani yake, kwa hiyo inaweza kupelekwa kwenye mwangwi bila kuburuta seti nzima nyuma yake. Ukiwa umeshawahi kuutia mwangwi mrefu kwenye traki ya snea yenye hai-hati iliyovuja, ukasikia kila mguso wa hai-hati ukigeuka wingu la mvuke, utaelewa kwa nini ningeinunua programu hii kwa sababu hiyo peke yake. Traki hiyohiyo hutumika pia kulifungua geti la snea halisi, yaani kifaa kinachoinyamazisha traki ngoma isipopigwa: geti husikiliza sampuli safi badala ya traki chafu, na hufunguka kwa wakati bila kudanganywa na kiki.

Kiki ni rahisi na haihitaji maelezo marefu: ngazi 4 zinatosha, na sampuli moja ya ziada yenye mlio wa nyundo ya kanyagio ikigonga ngozi itaisaidia kupenya kati ya gitaa. Tomu mimi huzibadilisha kwa mkono. Wimbo mzima unaweza kuwa na mapigo ishirini ya tomu, na kuyaweka moja moja huchukua muda mfupi kuliko kuifundisha programu iyatofautishe na mngurumo wa seti nzima.

Asiye tayari kununua chochote ana njia nyingine. Anayerekodi kwa programu ya REAPER anaweza kuliweka geti lake, ReaGate, litume nota ya MIDI (amri ya dijitali ya kuchezesha mlio) kila geti linapofunguka, kisha nota hiyo ichezeshe sampuli ndani ya ReaSamplOmatic5000, plagini ya kuchezesha sampuli, na zote mbili huja pamoja na programu ya kurekodia. Logic Pro, programu nyingine ya kurekodia, nayo ina amri ya kubadilisha au kuongezea ngoma, inayoichambua traki na kuandika nota za MIDI ambazo mtumiaji anaweza kuzisogeza au kuzifuta moja moja. Kwa kiki na kwa snea ya mapigo makubwa tu, njia hizo hufikisha mtu mbali. Zinapoanza kuelemewa ni kwenye miguso ya kunong'ona na katika kudhibiti sauti zinazovuja, na hapo ndipo Trigger 2 inapojitenga nazo. Kwa anayerekodi mpigaji wa kweli katika chumba chake, ambaye yuko tayari kumbakiza mpigaji huyo kwenye kiti kwa nusu saa zaidi ili arekodi mapigo 48, ninaipendekeza bila kusita. Kwa asiye na nusu saa hiyo, ningemshauri aanze na zana alizo nazo.